Mashine ya hp ngapi inatosha? Soma hii kabla hujaongeza nguvu kwenye chombo chako

Swali linalorudi kila mara ni hili. Mtu ana mashua ya mbao futi 26, anatumia mashine ya kutundika nyuma yenye hp 15 (hp ni nguvu ya farasi), anaona safari ya kwenda kwenye miamba inamchosha, amejichanga hela na sasa anataka kuruka mpaka 40 akiamini atafika kwa nusu ya muda. Mi naomba kabla hujatoa hela uipitie hii mpaka mwisho, maana mashine ya 40 ni hela nyingi na kinachouma zaidi si ile bei unayolipa siku moja, ni mafuta utakayomimina kila siku baada ya hapo, na kwa mashua nyingi za mbao mwendo unaoongezeka ni noti moja au moja na nusu tu (noti ni maili ya bahari kwa saa).

Tuanze na ile namba kwenye kofia ya mashine. 15, 25, 40, hiyo ni nguvu ya juu kabisa, unaipata mashine ikizunguka karibu na mwisho wake. Ukiwa umefungua mkono wa kuongeza moto nusu huna hp 15, una labda 6 au 7. Na mafuta yanafuata nguvu unayoitumia saa hiyo, hayafuati namba iliyoandikwa. Kwa kukadiria, mashine ya stroku nne inakula karibu lita 0.35 mpaka 0.4 kwa kila hp moja kwa saa moja, na ya stroku mbili yenye kabureta, hizi tunazochanganya oili, inakula kama lita 0.45 mpaka 0.6. Kwaiyo 15 ya stroku mbili ukiikaza mpaka mwisho hesabu lita 7 mpaka 8 kwa saa, na 40 hesabu lita 18 mpaka 22. Hii tofauti ikae kichwani tunapoendelea.

Stroku mbili inakula zaidi kwa sababu moja kubwa: wakati inasukuma moshi nje, mchanganyiko mpya wa petroli unakuwa tayari unaingia, na sehemu yake inatoka na moshi bila kuungua. Ndo ile mafuta mafuta unayoiona inang'aa juu ya maji nyuma yako. Stroku nne haina tatizo hilo, ila ni nzito zaidi, bei yake iko juu na inataka fundi anayeielewa. Kama kwenu fundi huyo hayupo, hiyo ni sababu halali kabisa ya kubaki na stroku mbili, usione aibu.

Sasa chombo chenyewe, hapa ndo penye siri yote

Kuna vyombo vinavyokata maji na kuna vinavyopanda juu ya maji. Mashua, dau, mtumbwi wa mbao wa mizigo, hivyo vinakata maji. Boti ya faiba yenye tumbo bapa nyuma na tezi (mwisho wa nyuma wa chombo) iliyokatwa wima, hiyo inaweza kupanda ikateleza juu. Hesabu za hp za hizi mbili hazifanani hata kidogo na watu wengi wanapotea hapa, anaona faiba ya jirani imewekwa 40 inaruka, naye anakwenda kuweka 40 kwenye mashua.

Chombo kinachokata maji kinatengeneza wimbi lake chenyewe. Angalia siku ya maji shwari utaliona, linaanza omo, yani mbele, na lingine tezi. Kadiri unavyoongeza mwendo lile wimbi linarefuka, mpaka unafika mahali urefu wa wimbi moja unalingana na urefu wa chombo majini, omo imekaa juu ya mlima mmoja na tezi juu ya mlima unaofuata, bonde liko katikati. Kuanzia hapo ukiongeza moto mlima wa nyuma unaachwa, tezi inazama kwenye bonde, na ni kama unakipandisha chombo mlimani, na mlima wenyewe unakwenda nacho, hakifiki juu. Mashine inalia, mafuta yanakwenda, tezi inazidi kuzama na mwendo ni karibu uleule.

Mwendo huo wa mwisho unaweza kuupiga hesabu kwenye simu. Chukua futi kamba, pima kuanzia maji yanapogusa omo mpaka yanapogusa tezi, chombo kikiwa na mzigo wake wa kawaida, upate mita. Tafuta kipeuo cha pili (alama ya √) cha hiyo namba, zidisha mara 2.43, jibu ni noti. Mita 6 inakupa karibu noti 6, mita 7 noti 6.4, mita 8 noti 6.9, mita 9 noti 7.3. Noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, yani mita 1,852. Ile mashua ya futi 26 ya mwanzo, majini haizidi mita 7 hivi, maana omo imelala mbele, kwaiyo mwisho wake wa raha ni noti 6 na nusu. Kama 15 tayari inakupa noti 6, unataka 40 ikupe nini? Ikaze yote labda upate 7 na nusu, na unaunguza lita 20 kwa saa badala ya 7 na nusu.

Vyombo vyembamba sana vinakwepa sheria hii kidogo. Ngalawa, au mtumbwi ambao urefu wake ni mara nane au zaidi ya upana, wimbi lake ni dogo kwaiyo unaweza kupita ile namba bila adhabu kubwa. Ndo maana ngalawa na kimashine kidogo inakimbia mpaka unashangaa.

Kadirio la nguvu kwa chombo kinachokata maji ni hp 4 mpaka 5 kwa kila tani moja ya uzito wote, yani mbao, mashine, watu, barafu, nyavu na samaki. Mashua ikifika tani 2 na nusu ikiwa imejaa, hp 10 mpaka 12 inatosha, weka 15 upate akiba ya kupambana na upepo na mkondo. Tani 4, nenda 20 au 25. Zaidi ya hapo unanunua kelele. Na kuna hatari pia sio hasara tu, mashine ya 40 ina uzito karibu mara mbili ya 15, ukiitundika kwenye tezi nyembamba ya mbao halafu ukaikaza, tezi inakaa chini na wimbi la nyuma likija linaingia ndani. Ubao wa tezi wenyewe unapasuka polepole kwenye misumari, unakuja kujua siku mbaya.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, Yamaha za stroku mbili za 9.9 na 15 zina ukubwa uleule wa silinda, cc 246, na uzito wao unakaribiana sana. Kwaiyo kama unasita kati ya hizo mbili chukua 15 na uiendeshe taratibu, kwa mwendo uleule hutaona tofauti kubwa ya mafuta, na siku upepo wa kusi ukikukamata utakuwa na akiba.

Kupunguza kidogo, kuokoa kingi

Kwa hivi vyombo vya kukata maji nguvu inayohitajika inapanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo, yani mwendo mara mwendo mara mwendo. Ukipunguza mwendo asilimia 10 tu, mafuta ya saa yanashuka kama asilimia 27, na kwa sababu safari imekuwa ndefu kidogo, mafuta ya safari nzima yanashuka kama asilimia 19. Weka kwenye mfano unaoeleweka: safari ya maili 12, ukienda noti 6 ni saa mbili kamili, ukienda noti 5 ni saa mbili na dakika 24. Umechelewa dakika 24 na umeokoa karibu theluthi ya mafuta. Nani anaweza kukuongezea faida kama hiyo kwa siku moja bila kuvua samaki hata mmoja zaidi? Kama unawahi mnada au barafu imeisha, sawa, kaza, ila ile kwenda asubuhi na chombo kitupu sioni sababu ya kukimbia.

Boti ya faiba ni hadithi nyingine

Faiba ikishapanda juu ya maji lile wimbi linabaki nyuma, na hapo hp inaleta mwendo kweli, ila si moja kwa moja. Mwendo unafuata kipeuo cha pili cha nguvu ukigawa kwa uzito. Kwa lugha nyepesi, ukizidisha hp mara mbili mwendo hauwi mara mbili, unaongezeka kama asilimia 40, na hapo bado hujatoa uzito wa mashine kubwa zaidi. Chukua faiba ya mita 5, na watu wanne na mafuta na vifaa iwe kilo 800. Na 40 inakwenda kama noti 19 au 20, ukiweka 60 inakwenda kama 23. Umeongeza nusu ya nguvu nzima umepata noti nne hivi.

Kinachoamua kama itapanda ni kilo ngapi kila hp inabeba. Ikibeba kilo 11 mpaka 18 inapanda vizuri, ikifika 23 hivi inapanda kwa shida, ikizidi hapo haipandi. Faiba ileile ya kilo 800 na 40 ni kilo 20 kwa hp, inapanda. Pakia watu tisa na mizigo yao ikawa kilo 1,200, hiyo ni kilo 30 kwa hp, haipandi tena, utaona omo imeelekea mbinguni na nahodha haoni mbele, na hapo ndo pabaya kuliko pote kwa mafuta. Usikae katikati. Ama umepanda kabisa juu, ama urudi chini kwenye ule mwendo wa kukata maji uende taratibu. Nahodha anayekaa saa nzima omo ikiwa juu vile anamwaga petroli baharini, sina namna nyingine ya kusema.

Na ikishapanda usiiache mkono ukiwa mwisho. Rudisha kidogo kidogo mpaka inapokaribia kushuka halafu ongeza tena kidogo, mashine nyingi zinakaa vizuri kwenye mizunguko 3500 mpaka 4000 kwa dakika. Sikiliza sauti, inalainika, chombo kinaendelea kuteleza na mafuta kwa kila maili yanakuwa machache kuliko sehemu nyingine yoyote ya juu.

Propela (wazee wanaita rafadha) inakula mafuta kimyakimya

Hapa ndo ningekuomba utumie hela kabla ya kubadilisha mashine. Propela ina namba mbili, upana wake na pichi, zote kwa inchi. Pichi ni umbali ambao ingesogea kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inaingia kwenye ubao. Tufanye mashine ya 15 inazunguka 5000, gia yake inagawa kwa 2.08, kwaiyo propela inazunguka kama mara 2,400 kwa dakika, na pichi ya inchi 10 ingesukuma kilomita 36 na nusu kwa saa, karibu noti 20. Mashua yako inakwenda noti 6 na nusu. Theluthi mbili zote zimepotea kwenye povu! Propela nyingi zinazokuja na mashine zimetengenezwa kwa boti nyepesi za kukimbia, hazikutengenezwa kwa mashua iliyobeba tani mbili.

Chombo kizito kinataka pichi ndogo na upana mkubwa kadiri mashine inavyoruhusu. Namna ya kujua: nunua kile kimita kidogo cha kuhesabu mizunguko, waya wake unauzungushia kwenye waya wa plagi, nenda na mzigo wako wa kawaida, kaza mpaka mwisho na usome. Kitabu cha mashine kinasema mwisho wake unatakiwa uwe kati ya ngapi na ngapi, nyingi za stroku mbili ni 4500 mpaka 5500. Kama inaishia 3900 inalemewa, hiyo ni sawa na mtu anayepanda mlima na baiskeli kwenye gia kubwa, plagi zinajaa masizi, mashine inapata moto na hp uliyonunua hujawahi kuipata hata siku moja. Shusha pichi, kila inchi moja unayoshusha mizunguko inapanda kama 200. Kama inapita namba ya juu ya kitabu, pichi ni ndogo mno, au propela inavuta hewa.

Kuvuta hewa mara nyingi ni urefu wa mashine. Lile bamba la chuma lililo juu ya propela linatakiwa liwe sawa na chini ya chombo au sentimita mbili tatu chini yake. Juu ya hapo inavuta hewa ukigeuka au wimbi likipita, chini sana mguu mzima unaburutwa bure. Pima kwanza ndo ununue shafti fupi au ndefu, fupi ni inchi 15 na ndefu ni 20. Na propela iliyopigwa na mwamba ikakunjika ncha usiseme "bado inasukuma", peleka ikanyooshwe, inatikisa mashine mpaka sili (mipira ya kuzuia maji) zinaachia maji yanaingia kwenye gia.

Pima mwenyewe, usichukue neno la mtu, hata langu

Chagua siku ya maji mafu upepo ukiwa mdogo. Tia petroli uliyoipima kwenye tangi tupu, tuseme lita 5. Fungua GPS kwenye simu isome noti. Weka mkono nusu, usiuguse, nenda dakika 15 upande mmoja kisha geuza urudi dakika 15 njia ileile, maana mkondo ukikusaidia kwenda utakukatalia kurudi. Ukisoma 7.4 kwenda na 5.0 kurudi, mwendo wako wa kweli ni 6.2. Mimina mafuta yaliyobaki, pima, utajua umetumia ngapi kwa nusu saa, zidisha mara mbili upate ya saa, gawa kwa noti, hiyo ndo lita kwa maili. Rudia mkono ukiwa robo tatu, na mwisho.

Tuseme umepata hivi, huu ni mfano wa mashua na mashine ya 15: nusu, noti 5 na lita 2.8 kwa saa, ni lita 0.56 kwa maili. Robo tatu, noti 6.2 na lita 5.2, ni lita 0.84. Mwisho, noti 6.8 na lita 7.5, ni lita 1.1. Kwa safari ya maili 15 mkono wa mwisho unakuchukua saa mbili na dakika 12 na lita 16 na nusu, robo tatu ni saa mbili na dakika 25 na lita 12.6. Lita nne kwa dakika 13. Andika kwenye karatasi uibandike ndani ya kisanduku cha vifaa, na baharia wako aijue.

Ukirudia kipimo hiki baada ya miezi mitatu na mkono uleule ukakuta mwendo umeshuka, usilaumu mashine, angalia chini ya chombo. Majani na vile vidude vigumu vya chokaa vinavyogandia mbao vinashika maji vibaya mno. Subiri bamvua, chombo kikipwelewa kwangua, kipige moto wa makuti kama walivyofanya wazee, paka deheni au rangi ya kuzuia uoto. Na kumba ngama (maji yaliyoingia chini ndani ya chombo) kabla ya kuondoka, ndoo moja ya lita 20 ni kilo 20 unazozibeba kwenda na kurudi bila nauli. Mizigo isogeze mbele kidogo mpaka chombo kikae sawa, watu wote wakikaa tezi na nahodha unapoteza kabisa.

Wa ziwani nao wana jambo lao. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na mashine ya kabureta inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila mita 300. Mwanza, Bukoba, Kisumu, ile 15 yako ni kama 13 na kitu. Tanganyika iko mita 773, unapoteza kama asilimia 7 au 8. Kwaiyo huko propela ya pichi ndogo inasaidia zaidi kuliko pwani, na kama plagi zinatoka nyeusi zenye unyevu mwambie fundi aangalie jeti ya kabureta (kile kitundu kinachopitisha petroli), huenda inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo.

Huku pwani usisahau mkondo. Wakati wa kusi mkondo unakwenda kaskazini kwa nguvu, sehemu nyingine unafika noti 4, wakati wa kaskazi unalegea. Ukipanda kusini na mwendo wa noti 6 dhidi ya mkondo wa 2 unafanya 4 tu, na hapo kwenda polepole sana kunakuwa hasara, mafuta yanaisha umesimama. Ukiwa unapambana na mkondo ongeza kidogo juu ya mwendo wako wa kawaida, ukiwa unasukumwa nao punguza. Au kaa karibu na nchi kavu kwenye maji yanayolegea, au subiri maji yageuke. Na tanga lako usiliuze eti kwa sababu una mashine. Upepo wa nyuma au wa ubavuni tweka tanga, mashine iache theluthi au uizime kabisa, hakuna hp ya bei nafuu kuliko hiyo.

Mafuta ya kubeba yagawe mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi mpaka ufike. Kwa ule mfano wa maili 15 kwa robo tatu, kwenda na kurudi ni maili 30, lita 25, kwaiyo unaondoka na lita 38. Kama mashine yako inataka mchanganyiko wa 50 kwa 1 (mpya kabisa saa 10 za mwanzo ni 25 kwa 1), lita 38 zinataka oili mililita 760, ipime kwa chupa yenye alama, itie kwanza na petroli kidogo utikise, ndo ujaze iliyobaki.